Wasomaji wanauliza: Seli nyeupe zinatafuta nini kwenye mji wa mimba?

Barua za mwezi huu, nyingi kutoka Dodoma mjini, Bahi, Kongwa na Manyoni, zinazunguka jambo moja: kinga ya mwili ina mkono gani katika kushika mimba, kuilea au kuipoteza. Majibu yameandaliwa na daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi akishirikiana na mtaalamu wa maabara. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 31. Mimba zangu mbili zimetoka, moja wiki ya 7, nyingine wiki ya 9. Kliniki moja binafsi ilinipima damu, wakasema seli zangu za NK ni asilimia 18, ziko juu, na ndizo zinazoua mtoto. Wanataka nimeze prednisoloni na kuwekewa dripu za Intralipid kabla sijabeba nyingine. Nikubali? (Ipagala, Dodoma)

JIBU: Dada, pole sana kwa kupoteza mara mbili. Kwa haya uliyotueleza, hatuoni sababu ya kuanza dawa hizo. Kipimo chenyewe hakijajibu swali lako.

Seli NK ni jamii mojawapo ya chembechembe nyeupe. Zile zinazozunguka kwenye damu huwa kama asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti zote (kundi mojawapo la seli nyeupe), na kazi yake kubwa ni kuua seli zilizovamiwa na virusi au zilizoanza kugeuka saratani. Hesabu yake haitulii. Ukipanda ngazi mbio kabla ya kutolewa damu, ukiwa na hofu ya sindano au mafua yanayoanza, inabadilika. Hiyo 18 inaweza kusoma 12 wiki ijayo bila dawa yoyote. Tena, seli NK za damuni sizo zinazokaa kwenye mji wa mimba. Za kizazini zina alama zake, yaani protini za juu ya seli: CD56 kwa wingi, CD16 hakuna, na makali yake ya kuua ni madogo. Damu ya mkononi haiwezi kukuambia za kizazini zinafanya nini. Hata wanaokata kinyama kidogo cha utando wa kizazi na kuzihesabu humo hawajakubaliana kiwango kipi ni cha kawaida.

Sasa zinafanya nini huko? Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda na seli hizi huanza kuzaliana ndani ya utando wa kizazi. Mimba isipotunga, hutoka pamoja na hedhi. Ikitunga, katika miezi mitatu ya kwanza hufika kama asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizo kwenye utando huo. Makrofaji, ambazo hufagia seli zilizokufa, hufuata kwa karibu asilimia 20. Zinazobaki ni limfosaiti T na nyingine chache. Miongoni mwa hizo limfosaiti T mna kundi la watulizaji, linaloziamuru seli nyingine zisimshambulie mgeni huyu ambaye nusu ya vinasaba vyake ni vya baba. Kama seli NK zingekuwa huko kwa ajili ya kuua, asingezaa mtu.

Kazi yake hasa ni ya ujenzi. Kizazi kina ateri ndogo zilizojisokota, zenye ukuta wa misuli unaoweza kujibana na kupunguza damu. Seli NK hutoa kemikali zinazolegeza misuli hiyo, kisha seli za kondo la nyuma huingia na kumalizia, mpaka ateri inakuwa njia pana isiyojibana tena; mkulima wa zabibu wa Hombolo naye hupanua mfereji kabla shamba halijahitaji maji mengi. Kazi hii huendelea hadi kama wiki ya 18 au 20. Ikifanyika nusunusu, mtoto hapati damu ya kumtosha, anadumaa tumboni, na mama anaweza kuingia kwenye presha ya mimba. Utafiti wa Annettee Nakimuli na wenzake uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba kundi fulani la vinasaba, linalopatikana kwa Waafrika, liliwakinga wajawazito wa Uganda dhidi ya presha ya mimba. Ndani ya kundi hilo mna kinasaba cha kuziamsha seli NK. Kuziamsha, si kuzilaza. Ndiyo maana wazo la kuzinyamazisha kila tunapoona mimba imetoka linatutia shaka.

Kuhusu dawa: jaribio lililofanyika China na kuchapishwa mwaka 2023 liliwapa prednisoni (ndugu wa prednisoloni) miligramu 10 kwa siku wanawake ambao viinitete walivyopandikizwa vilikuwa vimeshindwa kushika mara kwa mara. Walikuwa zaidi ya 700. Waliomeza dawa hawakuzaa zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, na dalili za kuzaa kabla ya wakati zilikuwa nyingi zaidi kwao. Dawa za jamii hii pia hupandisha sukari na presha, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu zinaweza kuamsha TB iliyolala. Intralipid ni mafuta ya soya yaliyochanganywa na mafuta ya kiini cha yai. Ilitengenezwa kulisha wagonjwa wasioweza kula. Mwenye mzio wa soya au mayai anaweza kudhurika. Ushahidi wa kuaminika kwamba inaokoa mimba haupo. Wapo pia wanaouza chanjo ya seli nyeupe za mume. Hiyo Marekani iliizuia mwaka 2002 isitumike nje ya utafiti.

Fedha hiyo itumie hivi. Pima kingamwili za kugandisha damu (kingamwili ni protini zinazotengenezwa na kinga; hizi tumezieleza kwenye swali linalofuata), homoni ya TSH kwa ajili ya tezi ya shingo, sukari, kaswende na VVU. Fanya ultrasaundi ya kizazi ukimwomba mpimaji atazame kama kuna ukuta katikati ya kizazi au uvimbe unaosukumia ndani. Ujue pia kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, au zaidi, huwa na kasoro ya kromosomu iliyotokea wakati yai au mbegu ikitengenezwa, au mara zilipokutana. Hapo kinga yako haina kosa. Anza kumeza foliki asidi miligramu 0.4 kila siku angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta tena. Ukishika mimba na ukaona damu, usikae nyumbani. Kwa mwanamke aliyewahi kupoteza mimba, projesteroni ya kuweka ukeni miligramu 400 asubuhi na 400 jioni hadi wiki ya 16 inasaidia kiasi, hasa waliopoteza tatu au zaidi. Ultrasaundi kwanza lakini, kuhakikisha mimba iko ndani ya kizazi.

SWALI: Shikamooni. Mke wangu alipoteza mtoto wa miezi mitano tumboni, kisha mwingine alizaliwa wiki ya 30 kwa presha kali, hakuishi. Kliniki walimkuta na kaswende kwa kipimo cha RPR, mimi sina. Walipotuma TPHA ikarudi haina kitu. Ndugu wameanza kusema mengi. (Manyoni)

JIBU: Marahaba, na pole kwa misiba yote miwili. Ndugu wanyamaze kwanza, maana majibu haya yanaelekeza kwingine kabisa.

Kimiminika cha kipimo cha RPR kimetengenezwa kwa kadiolipini, aina ya mafuta. Mtu mwenye kingamwili dhidi ya mafuta hayo anaweza kusoma "ana kaswende" wakati hana. TPHA hutafuta kingamwili za kidudu chenyewe cha kaswende, nayo imekataa. Malaria, TB na hata ujauzito wenyewe vinaweza kuidanganya RPR, kwa hiyo tusikimbilie hukumu. Lakini ukiunganisha na mtoto aliyefia tumboni baada ya wiki ya 10 na mwingine aliyelazimika kutolewa kabla ya wiki ya 34 kwa presha, daktari yeyote anapaswa kuwaza ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi. Katika matatizo yote ya kinga yanayoharibu mimba, huu ndio wenye kipimo kinachoeleweka na tiba iliyothibitishwa, na bado tunaona watu wakimaliza miaka kwa waganga na madripu bila kupimwa.

Kingamwili hizo hushika protini iliyo juu ya seli za kondo, huwasha uvimbe na kuganda kwa damu, na kondo linashindwa kazi. Vipimo ni vitatu na vyote vinahitajika: kizuia-kugandisha cha lupasi, kingamwili za kadiolipini, na kingamwili za beta-2 glaikoprotini. Apimwe akiwa hana mimba, angalau wiki 6 tangu kujifungua au mimba kutoka, na kabla hajaanza heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda), kwa sababu heparini huvuruga kile cha kwanza. Damu ya kipimo hicho huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, ijazwe mpaka kwenye alama kamili. Ikipungua, uwiano wa damu na dawa iliyomo kichupani unaharibika na jibu halifai. Kama sampuli inasafirishwa kwenda maabara nyingine, plazima izungushwe kwenye mashine mara mbili kisha igandishwe. Ulizeni hili kabla ya kulipa. Kikisoma chanya, kirudiwe baada ya wiki 12. Kingamwili za kupita njia, kwa mfano baada ya maambukizi, hupotea ndani ya muda huo.

Akithibitika, tiba huwa aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku tangu anapotafuta mimba, na sindano ya heparini nyepesi, mara nyingi enoksaparini miligramu 40 kwa siku, kuanzia mimba inapothibitishwa hadi wiki 6 baada ya kujifungua. Heparini haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, huvuka na inamlemaza, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo kama aliwahi kuandikiwa kwa sababu ya damu kuganda mguuni, asibebe mimba kabla haijabadilishwa.

Atajichoma mwenyewe nyumbani, si jambo gumu. Aoshe mikono, akae ameegemea, achague sehemu ya tumbo iliyo sentimita 5 kutoka kitovuni, abane kunyanzi la ngozi, achome wima na kusukuma polepole huku amelibana hadi sindano itoke. Kipovu cha hewa kilicho kwenye bomba lililojazwa kiwandani asikitoe. Asisugue palipochomwa, patavilia damu. Kesho abadili upande. Tumbo likikua, ubavuni au pajani panafaa. Uchungu ukianza au damu ikitoka, asichome, aende hospitali na aseme saa aliyochoma mara ya mwisho, kwa sababu ganzi ya mgongoni husubiri saa 12 baada ya dozi hiyo.

SWALI: Mimi ni B chanya, mke wangu O hasi. Mtoto wa kwanza hana tatizo, ya pili imetoka ikiwa na miezi mitatu na nusu. Wazee wanasema damu zetu haziendani ndiyo maana hazai. Ni kweli? (Kibaigwa, Kongwa)

JIBU: Nusu tu. Tofauti ya makundi haimzuii mwanamke kushika mimba, na mara chache sana ndiyo inayotoa mimba changa. Lakini hiyo "hasi" ya mkeo ina hatari kwa watoto wanaofuata.

Mtoto anaweza kurithi chanya yako. Damu yake kidogo ikiingia kwa mama, wakati wa kujifungua, mimba kutoka au kusafishwa kizazi, seli nyeupe za mama huiona ngeni na kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huwa ameshazaliwa. Anayefuata akiwa chanya, kingamwili hizo huvuka kondo na kuvunja chembe zake nyekundu: anapungukiwa damu, anavimba, au anazaliwa na manjano kali.

Dawa yake ni sindano ya anti-D. Dozi ya kawaida ni yuniti 1,500, yaani mikrogramu 300, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya au mimba kutoka. Hutolewa pia wiki ya 28. Saa 72 zikipita, bado kuna faida kiasi hadi siku ya 10, msikate tamaa. Je, mkeo alichomwa baada ya mtoto wa kwanza na baada ya mimba hii? Kama hapana, au hamjui, afanyiwe kipimo cha kingamwili, maabara huita Coombs isiyo ya moja kwa moja. Kikisoma hasi, bado hajaamshwa na anti-D itamkinga. Kikisoma chanya, anti-D haina kazi tena; mimba ijayo ifuatiliwe hospitali ya rufaa. Dawa hii si kila duka linayo na hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo itafuteni mwezi wa saba wa mimba, msisubiri uchungu.

Na wale wawili wote hasi? Mtoto wao atakuwa hasi. Hawahitaji kitu.

SWALI: Nina mimba ya wiki 24. FBP (kipimo cha damu nzima) inasema seli nyeupe 13.8, mkojo una seli za usaha, nikaambiwa nina maambukizi makali na UTI sugu. Nimeshachomwa sindano za siku tano, homa sina. Nimerudia, bado 13. Mtoto yuko hatarini? (Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Karatasi ya maabara huandika kiwango cha kawaida 4 hadi 11, na kiwango hicho ni cha mtu asiye na mimba. Mjamzito hupandisha neutrofili, aina ya seli nyeupe, kwa kawaida kabisa. Katika miezi mitatu ya kati, 14 ni kitu cha kila siku. Wakati wa uchungu zinaweza kupita 20 bila ugonjwa wowote. Sindano haiwezi kuzishusha kwa sababu hakuna cha kutibu. Kuna upande wa pili ambao nao hupotosha: Waafrika wengi tumezaliwa na kinasaba kinachofanya neutrofili zetu za kila siku ziwe chache kuliko vitabu vinavyosema, kwa hiyo mwingine huambiwa "kinga imeshuka" akiwa mzima. Seli nyeupe husomwa pamoja na mgonjwa aliyekaa mbele yako: ana homa, maumivu, mapigo ya moyo yakoje. Namba peke yake haitibiwi.

Seli za usaha kwenye mkojo mara nyingi ni ute wa ukeni ulioingia kikombeni, na ute huongezeka ukiwa na mimba. Rudia hivi: osha mbele kwenda nyuma kwa maji tu, tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa kwanza uende chooni, wa katikati uingie kwenye kikopo safi cha maabara, wa mwisho uende chooni. Upelekwe ndani ya saa moja. Ukikaa zaidi kwenye joto letu la Oktoba, bakteria wanazaliana kikoponi. Omba mkojo uoteshwe. Wakiota bakteria 100,000 au zaidi kwa mililita, wa aina moja, basi tibiwa hata kama huumwi, kwa sababu kwa mjamzito bakteria hao hupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu wa mapema. Dawa ichaguliwe kwa majibu ya kuotesha; siprofloksasini si chaguo la mjamzito. Na huyo anayekupima Widal (kipimo cha homa ya matumbo) kila ukisema umechoka, mwambie una mimba.

SWALI: Mimba imetoka wiki iliyopita. Mtandaoni wanauza dawa ya kusafisha kizazi na kutoa chango ili nishike haraka. Zinafaa? (Chang'ombe, Dodoma)

JIBU: Hazifai, na baadhi zinaharibu. Uke wenye afya una bakteria walinzi wanaotunza uchachu wa pH 3.8 hadi 4.5. Ukiingiza vidonge vya mitishamba, sabuni au maji ya ndimu, walinzi wanakufa, vidudu vingine vinapanda, na seli nyeupe zinamiminika kupambana navyo. Ute mzito unaotoka baada ya hapo muuzaji anauita uchafu ulioondoka. Ni ukuta wa uke uliochubuka.

Kama mabaki ya mimba yamebaki, huondolewa hospitali kwa kifaa cha kunyonya au kwa vidonge vya misoprostoli. Ukilowesha pedi mbili kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au ukapata homa na harufu mbaya, nenda leo. Uvimbe sugu wa utando wa kizazi upo kweli, lakini hugunduliwa kwa kukata kinyama kidogo na kukuta seli za plazima (aina ya seli nyeupe) ambazo hazitakiwi kuwapo. Tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku 14. Ikiwa hedhi imekuwa haba, na umewahi kuishi na mgonjwa wa TB, mwambie daktari. TB ya kizazi huziba mirija kimyakimya.

SWALI: Tunafuga ng'ombe na mbuzi. Mbuzi kadhaa wametupa mimba mwaka huu. Binti yangu naye ana homa za jioni, mgongo unauma, mimba yake imetoka. Malaria haionekani. Kuna uhusiano? (Mpwapwa)

JIBU: Mzee wetu, unaweza kuwapo. Bakteria wa Brucella hutupa mimba za mifugo na huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi au majimaji ya mnyama anayezaa. Makrofaji humeza bakteria ili kuwaua, lakini huyu hujificha na kuzaliana humohumo ndani ya makrofaji, ndiyo maana homa huja na kuondoka kwa wiki nyingi na dawa za siku saba hazimmalizi. Binti apimwe damu ya Brucella. Kipimo cha rose bengal kikiwa chanya kithibitishwe kwa kingine. Kwa asiye na mimba, doksisaiklini huunganishwa na dawa nyingine kwa wiki 6 kamili. Kwa mjamzito doksisaiklini haitumiki; daktari huchagua nyingine, aghalabu rifampisini ikiwamo.

Maziwa yachemke mpaka yapande, ya mgando pia yatokane na yaliyochemshwa. Mnyama anayetupa mimba asishikwe kwa mikono mitupu, na wajawazito wakae mbali kabisa na zizi siku hiyo. Kondo na kijusi vifukiwe shimo refu, mbwa wasivipate. Mwite mtaalamu wa mifugo.

SWALI: Majibu ya mbegu zangu: "seli za usaha nyingi, mbegu zimegandana". Ina maana mwili wangu unaua mbegu zangu? (Kisasa, Dodoma)

JIBU: Huenda. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, baada ya kinga kuwa imeshajifunza kipi ni cha mwili, kwa hiyo korodani zina ukuta unaozificha. Ukuta huo ukivunjika kwa kuumia, upasuaji, kufunga uzazi au maambukizi, seli nyeupe huziona ngeni. Kipimo cha MAR, kinachotafuta kingamwili kwenye mbegu, kikionesha zimeshika nusu ya mbegu au zaidi, tatizo ni la kweli. Seli nyeupe zikipita milioni 1 kwa mililita, tafuta kisonono na klamidia, na mtibiwe wewe na mwenzi kwa wakati mmoja. Ila mwulize mpimaji kama alitumia rangi ya peroksidezi: bila hiyo, mbegu changa za mviringo huhesabiwa kuwa usaha.

Kabla ya yote rudia kipimo kwa usahihi. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, usitumie mate, mafuta wala kondomu, manii yote yaingie kikopo kimoja, na yafike maabara ndani ya saa moja yakiwa karibu na mwili wako, si kwenye begi la pikipiki. Kama ulikuwa na homa kali, subiri miezi mitatu.

SWALI: Dodoma malaria ni chache. Nikipewa SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki, kuna haja ya kumeza? (Bahi)

JIBU: Meza. Uchache huo ndio unaokuponza: hujaumwa vya kutosha kujenga kinga, kwa hiyo ukiipata Geita au Kigoma ulikokwenda msibani, inakuangusha vibaya. Vimelea hujishikiza kwenye kondo, na wakati mwingine damu ya kidoleni haivioneshi. SP ni vidonge 3 kwa mkupuo, kuanzia miezi mitatu ya pili, kila dozi ikiachana na nyingine mwezi mmoja, angalau dozi tatu. Usiichanganye na foliki asidi ya miligramu 5, inaipunguza nguvu. Ile ya 0.4 haina shida. Anayetumia Septrini kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP.

SWALI: Chanjo ya pepopunda ya wajawazito inafunga uzazi? (Makole, Dodoma)

JIBU: Hapana. Inazifundisha seli zako nyeupe kutengeneza kingamwili, nazo huvuka kondo na kumkinga mtoto wiki zake za kwanza, akikatwa kitovu kwa kitu kisicho safi. Kama hujawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza ni siku unayoanza kliniki, ya pili wiki 4 baadaye, na hiyo ya pili iwe imechomwa angalau wiki mbili kabla ya tarehe ya makisio. Ya tatu hufuata baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Kadi usiitupe.